Nanii

Kadi ya kwanza ni mkasi.
Zorka anautazama kama mtu anayemwona jirani wa zamani
akishuka kwenye tramu, na jina halimjii.
Vidole viwili vinafunguka, vinafumba, vinakata hewa.
"Ni… nanii," anasema. "Nanii ya… ya nanii."
Miaka thelathini na sita alishona suti za maharusi wa Trieste
katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha,
mkasi ukining'inia shingoni kwa utepe mwekundu.

Bibi Ornella anangoja. Sekunde ishirini, kwa saa.
Kisha anamdokezea mwanzo wa neno: "Fo…"
"Fo," anaitikia Zorka. "Fo. Fo."
Mlango umegongwa, aliyemo ndani amesikia,
ila hapati miguu ya kuja kufungua.

Kadi ya nne ni kitana.
"Glavnik," anasema.
Hivyo tu, bila jasho,
sarafu imedondoka kutoka koti lisilovaliwa.
Bibi Ornella ananitazama. Mimi natazama nje,
upepo wa bora unawabandika watu ukutani.
Fomu ina safu moja, ya Kiitaliano.
Anaandika sufuri,
kisha kalamu inakawia juu ya ile sufuri.

Nimelala na mwanamke huyu miaka arobaini na mitatu
na neno hilo sikulijua.
Jumapili alimpigia dada yake simu, mlango wa jiko umefungwa,
nami sebuleni nikaongeza sauti ya redio.
Siku moja nilisema: "Ongeeni basi lugha ya watu."
Alikuwa anakaanga vitunguu. Hakugeuka.
Mama yake alizabwa kofi shuleni kwa lugha hiyo hiyo.
Nilikuwa nimeshasimuliwa. Na bado nilisema.

Sasa lugha ya watu imemwachia makombo:
asante, chumvi, Mungu wangu,
na tusi moja la madereva
analolitamka lote, herufi kwa herufi, mbele ya padri.

Nikapanda mlimani hadi Opčine, kwa dada yake Danica.
"Maneno?" akaniuliza. "Leo ndiyo unayataka?"
Akaniacha nisimame kidogo, halafu akavuta kiti.
Tukaandika nyuma ya risiti za duka la dawa:
škarje, mkasi. Ključ, ufunguo.
Dežnik, mwavuli. Žlica, kijiko.
Herufi zimevaa kofia, na mimi sijui kuzivua.

Usiku, mezani, nainua mkasi wake.
"Skarje," nasema.
Uso wake unakunjamana. "Sh," anasema.
Nanyamaza.
"Sh! Sh!" anapiga meza, "shhh-karye!"
Kumbe hakuninyamazisha. Alinifundisha.
Neno hilo jioni nzima hakuweza kulitafuta,
lakini akilisikia limevunjika mdomoni mwangu
analiokota, analipangusa, analirudisha mahali pake.
Akacheka. Upande mmoja wa mdomo tu, lakini akacheka.

Nilimweleza Bibi Ornella. Akachora safu ya pili, kwa rula.
Hakuniahidi kitu. Alisema siku nyingine
maneno yatatoka kwa mlango huu, siku nyingine kwa ule,
na siku nyingine yote mawili… nanii. Yamefungwa.
Alisema "mawili". Alitaka kusema "miwili".
Hata yeye, nikawaza, na siku ilikuwa ndefu.

Jana nilikuwa naosha vyombo.
"Nanii," akaita nyuma yangu. "Nanii!"
Jina langu, Livio, halijampitia mdomoni tangu kiharusi,
wala sijalidai.
Akavuta pumzi kama anayenyanyua gunia.
"Žlica!"
Nikampelekea kijiko, kinachuruzika povu.
Akakisukuma kando. Akaikamata mikono ya shati langu,
yote miwili, kwa mkono wake mmoja mzima.
"Žlica," akasema, taratibu, akinitazama usoni,
ili safari hii nielewe.

"Naam," nikaitika.